Sikio la Kaka: Wasifu wa Fundi Aliyepima Injini kwa Kusikiliza

Ndugu, majirani na mafundi wenzake, poleni, na asanteni kwa kusimama juani. Mimi ni mdogo wake marehemu wa pekee, yule mliyezoea kumwita Gunia. Kaka aliuandika wasifu wake mwenyewe akiwa hospitalini. Ndio huo uliochapwa kwenye ratiba mlizoshika, na aliniagiza niusome neno kwa neno. Aya ya nne inasema kwamba mwaka 2012 nilianguka na pikipiki kwa uzembe wangu. Maneno hayo nimeyasikia kwa karibu miaka kumi na miwili nikanyamaza. Leo naomba mzikunje ratiba mnisikilize mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1964, mtoto wa kwanza wa mshona nguo na karani wa bohari. Akiwa na miaka sita, amelala chumba cha pili, alikuwa akiita, "Mama, cherehani ina kiu!" Mama anaweka tone la mafuta, mashine inatulia. Majirani wakaanza kumwita Sikio, na jina hilo likamkaa kuliko lile alilopewa na Baba.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971, kisha akasoma shule ya ufundi kuanzia 1979 hadi 1982. Alipata cheti cha daraja la pili, na mwalimu wa injini aliyempa cheti hicho hakumsamehe mpaka anaingia kaburini. Siku moja Kaka alimwambia mbele ya darasa zima, "Mwalimu, hiyo valvu unayoisifia inavuja. Mimi naisikia nikiwa huku nyuma." Ilikuwa inavuja kweli. Alichapwa viboko sita.

Februari 1983 aliajiriwa gereji, na mwaka 1996 akafungua yake, chumba kimoja chenye mlango wa bati, katikati ya kinyozi na muuza matairi. Kazi yake ilikuwa pikipiki za mbio. Zilipoacha kabureta na kuanza kupimiwa mafuta kwa kompyuta, mafundi wengi wa rika lake walikata tamaa. Yeye alinunua laptop kuukuu akajifundisha ramani ya mafuta. Kwa wasioijua, ni jedwali la visanduku zaidi ya mia mbili, na kila kisanduku kinaiambia injini imwage petroli kiasi gani kwa mwendo fulani. Ukizidisha, injini inakuwa nzito na kutoa moshi mweusi. Ukipunguza kidogo, inakuwa nyepesi na kali. Ukipunguza kupita hapo, inaanza kugonga kwa ndani, mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, na baada ya muda pistoni inayeyuka. Ufundi wote ni kuzikaribia kokoto bila kuzifikia.

Kaka alizitafuta kwa masikio. Alifunga kipande cha bomba la shaba kwenye injini, akaunganisha mpira mpaka kwenye viziba masikio, akavivaa, akapandisha gurudumu la nyuma kwenye rola, lizunguke bila pikipiki kwenda popote, na kufumba macho. Vilikuwepo vifaa vya umeme vya kunasa mlio huo. Alivicheka. "Mashine ya kusikilizia mashine? Sasa mimi nikauze vocha?"

Mwendeshaji wake nilikuwa mimi. Tulishinda mashindano kumi na saba, na siwezi kusema uongo, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Ila nikishika nafasi ya pili, alinitembeza kwa miguu hadi nyumbani nikiwa na helmeti kichwani, watoto wakinifuata nyuma.

Tarehe 18 Desemba 1993 alimwoa opereta wa simu wa kampuni ya mabasi, ambaye alimpenda kwa sauti kabla hajamwona. Alipiga simu siku tisa mfululizo akiulizia basi ambalo halikuwepo. Walijaliwa mabinti wawili. Shemeji ndiye aliyegundua kwanza. Mwaka 2011 alikuwa akimwita mezani haitiki, mpaka akaanza kupiga meza kwa kiganja ili ahisi mtetemo. Alipomshauri aende kwa daktari, Kaka alimjibu kwamba siku hizi ananung'unika badala ya kusema. Sauti ile ile ya siku tisa! Shemeji alilia jikoni, akakaa kimya. Sote tulikaa kimya. Nani angemwambia Sikio kwamba hasikii?

Ijumaa tarehe 8 Juni 2012, mchana, pikipiki ilikuwa juu ya rola na mimi nikiwa kwenye kiti. Alikuwa akipunguza mafuta kidogo kidogo kwenye visanduku vya mwendo wa juu. Alipovua viziba masikio aandike namba, nikavivaa, nikavuta mafuta mpaka mwisho. Nikazisikia kokoto.

"Kaka, inagonga."

Alinitazama mdomoni. "Inagonga nini? Lete hapa." Akavaa, akanipa ishara nivute, akafumba macho, akatabasamu. "Injini inaimba, wewe ndiye unayetetemeka. Kama unaogopa sema, nitafute mwanaume."

Mafundi waliosimama mlangoni walicheka. Baadhi yenu mko hapa. Nikanyamaza, na kosa hilo ni langu.

Kesho yake mashindanoni, mzunguko wa nne, pistoni iliyeyuka, gurudumu la nyuma likakaza, nikarushwa. Mguu wangu wa kulia ulikatwa Jumatatu. Kaka alikuja wodini, na kabla ya kunipa pole akasema mbele ya wauguzi, "Ulifunga mafuta ghafla. Umeanguka kama gunia." Jina likazagaa mji mzima. Mama alinifupishia suruali zote upande mmoja kwa cherehani ile ile, akinigombeza kila mshono. Alifariki mwaka 2015 akiamini nilijitakia.

Ugonjwa wa mapafu ulimwanza Kaka mwaka 2021. Miaka yote aliwasha injini madirisha yakiwa yamefungwa, eti muuza matairi asimwibie siri. Alilazwa Oktoba 2023. Wakati huo hakusikia hata mlango ukibamizwa, tukawa tunaongea naye kwa karatasi. Tarehe 27 Januari 2024 alinikabidhi wasifu wake. Nilipofika aya ya nne nikaigeuza karatasi, nikaandika nyuma: "Siku ile uliisikia?" Akachukua kalamu, akanijibu hapo hapo nyuma.

Alifariki tarehe 2 Februari, saa tisa alasiri, Shemeji akimwita kwa jina mpaka pumzi ya mwisho, naye hasikii.

Karatasi ninayo hapa. Mafundi wenzake wanaujua mwandiko wake, waje wautazame. Ameandika: "Sikusikia kitu. Masikio yalishakufa. Lakini nilikuona usoni kwamba wewe umesikia." Chini yake ameongeza: "Soma upande wa mbele tu."

Nimesoma wa nyuma, Kaka. Ungekuwa hai ungekasirika, ila hata ungekuwa hai usingenisikia.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, laptop yenye ramani ya siku ile ambayo hakuifuta, na mdogo wake mmoja, ambaye ana jina lake alilopewa na Baba na kuanzia leo anaomba aitwe hilo. Nilimpenda, na hilo nalo ni kweli. Apumzike katika ukimya aliotuficha.