Maji ya Chupa

Mimi bibi yenu nina masikio yanayosikia sisimizi akipiga chafya. Haya, nisiwadanganye: kwenye basi ndugu wawili, kaka na dada yake, walikaa mbele yangu, na dada mtu alikuwa anafoka.

“Kompyuta yangu ilikuwa inanguruma, lakini inafanya kazi. Nani alikuomba uijenge upya, ipozwe kwa maji yanayozunguka ndani ya mpira?”

“Si ulitaka kimya, dada? Ikatulia kama paka.”

“Na ikavuja, ikakojoa kama paka! Nyimbo za marehemu mama, zote nilizomrekodi, zimekwenda na maji.”

Nikajifanya nasinzia, kazi ninayoiweza kuliko zote.

“Mpira uliziba ukapasuka, si kosa langu. Kila mwezi nilibadilisha maji. Nilitia yale yasiyo na chumvi ya kuziba mpira, ya chupa uliyoninunulia.”

“Kila mwezi?”

“Naapa kwa mama.”

Dada akafungua mkoba, akatoa chupa. Imejaa, na kifuniko chake hakijawahi kufunguliwa. “Nimeiokota uvunguni mwa kitanda chako leo asubuhi.”

Basi likasimama. Kaka akainuka haraka. “Mimi nashukia hapa.”

“Kaa,” dada akasema. “Kwako bado vituo vitatu.”