Historia ya Revelian Gozbert, Aliyepeleka Barafu Bondeni Rufiji

Ndugu waombolezaji, viongozi wa dini, majirani wa Manzese na nyote mliofika kutoka mbali, haya yatakayosomwa yameandikwa na mama mzazi wa marehemu, Kokuberwa, kwa mkono wake mwenyewe, na yanasomwa na baba mdogo, Erasmus, ambaye ameombwa asiruke mstari hata mmoja.

Revelian Gozbert alizaliwa tarehe 14 Machi 1989, Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa Gozbert na Kokuberwa, alitanguliza miguu, na mkunga aliyempokea alisema huyu amekuja na safari zake, jambo ambalo mama yake hakulitilia maanani kwa sababu alikuwa amechoka. Mwaka 1995 familia ilihamia Dar es Salaam na kupanga chumba kimoja hapa Manzese, mwaka 2001 baba yake alifariki kwa ugonjwa wa ini, na tangu hapo mama alianza kukaanga samaki barazani, kazi anayoifanya hadi leo na iliyowasomesha watoto wote watatu.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Manzese kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2006, akapata daraja la nne, hesabu alifaulu na Kiingereza kilimwangusha. Januari 2007 aliingia gereji ya fundi Gaspar, ambaye yuko hapa nasi, mwaka mzima akawa anaosha vyuma kwa petroli bila kukabidhiwa spana, na mwaka 2012 alifungua kibanda chake cha kutengeneza pikipiki. Tarehe 21 Novemba 2015 alifunga ndoa na Herieth, wakajaliwa watoto wawili, Benedicta aliyezaliwa Julai 2016 na Deogratias aliyezaliwa Februari 2020.

Mwaka 2019 alifika kibandani kwake kijana wa Rufiji aitwaye Suleiman, pikipiki yake imekufa klachi, wakazungumza siku nzima na tangu siku hiyo hawakuachana. Suleiman ndiye aliyemweleza kwamba kwao bondeni, mabwawa yanapopungua maji, wavuvi hupata kambale na perege wengi kuliko wanavyoweza kukausha, lori haliwezi kufika kwa sababu ya tope, na samaki wanatupwa kwa kukosa barafu. Revelian aliamua kuipeleka barafu huko.

Mei 2023 hoteli moja ya Mbezi Beach ilitangaza kuuza pikipiki mbili za magurudumu manne, zile ambazo wageni hukodi kuchezea mchangani, moja nyekundu bado inang'aa na nyingine ya kijani iliyochoka. Suleiman aliitaka nyekundu, akasema ile ya kijani inafanana na kobe aliyenusurika kugongwa, lakini Revelian alifungua vifuniko vya injini zote mbili, akakuta oili ya nyekundu imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yalishaingia, tena ilikuwa inasukuma kwa magurudumu ya nyuma tu, wakati kobe alikuwa anasukuma kwa yote manne na ana gia nzito ya kupandia. Walirudi Manzese na kobe.

Miezi mitatu aliitengeneza. Aliivalisha matairi yenye meno marefu na kuyapunguza upepo ili yasizame, alipandisha bomba la hewa ya injini hadi usawa wa usukani ili avuke maji, mbele alifunga winchi ya kujivuta kwenye tope, yenye waya wa mita ishirini, na nyuma aliweka sanduku la barafu alilolitengeneza kwa friji bovu, amelilaza chali na kulifunga kwa vyuma. Chini ya sanduku alitoboa tundu la ukubwa wa kidole gumba, ili barafu inapoyeyuka maji yatoke njiani. Waendesha bodaboda wa kituo chetu walimtania kila Ijumaa anapoondoka, wakimuuliza friji lake leo linakwenda kumsalimia nani, naye aliwajibu kwamba linakwenda kwa wakwe. Kwa miaka miwili alikwenda na kurudi salama, na samaki wake wengi wenu mmewala.

Hapa mama wa marehemu anaomba asikilizwe vizuri.

Julai mwaka huu samaki walianza kufika na matumbo laini, wateja wakawarudisha. Kila muuza samaki anajua kwamba samaki aliyelala ndani ya maji ya barafu yenye chumvi hubaki mgumu na macho yake hung'aa, na mama aliona kosa liko kwenye lile tundu, baridi yote inamwagika barabarani. Alhamisi tarehe 7 Agosti alikata kipande cha mpira wa tairi, akaziba tundu kwa mpira na nta, akagonga kwa mchi, akamwaga chumvi ndani ya sanduku. Revelian alipoona alisema, "Mama, barafu inakaa. Maji yanatembea." Mama alimjibu kwamba yeye anauza samaki tangu mwanawe hajaota ndevu, na samaki laini auze yeye. Revelian alicheka, akasema, "Haya mama," na kesho yake akaondoka hivyo hivyo.

Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, yeye na Suleiman wakirudi kutoka mabwawani, walifika kwenye mtaro wenye kingo za mwinuko, Suleiman akashuka na kutangulia kwa miguu kwenda kufunga waya wa winchi kwenye mti, na Revelian alikuwa peke yake kwenye usukani. Alipopanda ubavu wa mtaro, maji yote ya sandukuni yalihamia upande mmoja kwa pamoja, mashine ikapinduka na usukani ukamwangukia kifuani. Suleiman aliinyanyua peke yake, na yeye na wavuvi wanne walimbeba kwa machela mwendo wa saa tatu hadi barabarani. Alilazwa siku nne, na Jumatano tarehe 13 Agosti, saa kumi na moja alfajiri, akafariki kwa kuvuja damu ndani ya kifua.

Jumapili, mama akiwa peke yake naye wodini, alimwambia, "Mama, lile la tundu usimwambie mtu. Suleiman nimeshamwambia naye asiseme." Hayo ndiyo mazungumzo yao ya mwisho yenye maana.

Kwa siku tatu za msiba huu imesemwa kwamba Suleiman ndiye aliyekuwa anaendesha, kwa kuwa hana hata mchubuko, imesemwa kwamba alimpeleka mwenzake kwao akafe huko, na juzi mtu mmoja wa familia hii alisema kwa sauti, Suleiman akiwa anabeba viti, "Kaua, sasa kaja kula wali." Suleiman alisikia, akaendelea kupanga viti. Alijua ukweli na hakufungua mdomo, na mama alikuwa mita tano tu, anajua ukweli, naye hakufungua mdomo. Tangu Jumatano akina mama wanaoosha vyombo wameona kwamba Kokuberwa hawezi kukaa panapobebwa beseni la maji, wakadhani ni presha. Siyo presha, ni ile sauti ya maji yakipiga upande mmoja, anaisikia hata beseni likiwa tupu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotoa maturubai na sufuria, mafundi wote wa Manzese waliofunga vibanda vyao leo, jumuiya ndogo ndogo kwa sala, na wavuvi wanne wa bondeni ambao majina yao hatukuyapata.

Wazee walikuwa wamepanga watu sita wa kubeba jeneza, wote wa ukoo. Mama ameomba nafasi ya mbele kulia apewe Suleiman, na yeyote asiyeridhika na hilo amfuate yeye Kokuberwa, asimfuate Suleiman.

Revelian, hukutaka lisemwe na limesemwa, utamsamehe mama yako. Pumzika, mwanetu, kwa amani.