Mshono wa Dorotea

Benchi la Obedi lipo Igoma, mbele ya chumba chake cha cherehani, upande wa barabara unaopata kivuli mapema. Wanaolikalia si wateja. Ni watu wazima wenye nyumba zao, wanaokuja kunywa kahawa chungu ya Mayala na kutoa hukumu juu ya mambo wasiyoyajua, na wakishamaliza mpira na serikali hawaoni haya kuingia hata kwenye ushonaji. Jioni hiyo fundi alikuwa ametundika msumarini pateni tatu, zile karatasi za kukatia nguo, alizozitengeneza kwa mifuko ya saruji. Mapajani mwa Mashimba, mmoja wa wakaaji wa benchi, kulikuwa na kitambaa cha pamba cha bluu. Alitaka ishonwe blauzi ya mkewe Dorotea, aliyekwenda Sengerema kumuuguza mama yake wakati wa kuvuna mpunga na mpaka leo hajarudi. Mama alishapona, watu wamemwona sokoni anachagua dagaa. Mashimba alimkumbuka mkewe mpaka ugali akawa anaubakiza sahanini. Ameamua Jumamosi amfuate, ila hakutaka kufika mikono mitupu.

— Chagua, kaka, alisema Obedi. Hii haina kola, mikono imeungana na mwili, inaanguka tu. Hii ina kola na vifungo mbele. Hii inakunjwa mbele, inafungwa kamba kiunoni.

— Nataka ya kwendea kote, alisema Mashimba. Kanisani, sokoni, kwenye kikoba, msibani.

— Basi kola, alisema Kamati.

Huyu jina lake ni Maige, lakini hakuna harusi iliyopita Igoma bila yeye kuwa mjumbe wa kamati.

— Kola inampa mtu heshima. Mwanamke mwenye kola anapelekwa meza ya mbele bila kuulizwa ni nani.

— Wanaopelekwa mbele ni ndugu zako, alisema Injinia, yaani Pius, fundi wa pikipiki ambaye chuo amekipita kwa nje. Kola sokoni inakusanya jasho. Chukua ile inayoanguka, halafu mikono iwekewe zipu. Kanisani anayo, sokoni anaitoa anatia kwenye pochi.

— Mikono kwenye pochi? aliuliza Kamati.

— Turubai la bajaji si linatolewa hivyo hivyo? Mbona hamshangai.

Kamati alimeza kahawa yake. Hakupenda kushindwa na mtu mwenye grisi kwenye kucha.

— Kama ni hivyo, ivaliwe pande zote mbili. Nje bluu, ndani nyeusi. Msiba ukimkuta safarini anageuza tu, anaanza kulia.

— Nyie semeni, alisema Obedi, ila kitambaa hiki hakivutiki. Hii si fulana. Bega likikosewa, limekosewa.

Injinia hakumsikia. Alikuwa ameshapata kubwa zaidi.

— Vifungo viwe mgongoni. Kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Mwenyewe hawezi kuvifikia, kwa hiyo kila akitaka kutoka lazima amwite Mashimba.

Wakacheka. Mashimba hakucheka. Alijiona chumbani asubuhi, Dorotea amempa mgongo na kuinamisha shingo kidogo, naye anafunga kifungo kimoja kimoja bila haraka, redio ya jirani inasikika ukutani. Miaka yote mkewe alijivalia mwenyewe, yeye yuko sebuleni anaulizia chai. Sasa angetoa chochote apewe mgongo ule.

— Hiyo, alisema. Hiyo ya vifungo nyuma.

— Na akiwa kwao atafungwa na nani? aliuliza Kamati.

— Hatakuwa kwao. Siku hizi kuna daraja la Busisi, hakuna tena kungoja kivuko. Naenda na kurudi naye siku hiyo hiyo.

Injinia akafungua mdomo kusema kwamba daraja hilo hilo Dorotea naye angeweza kulivuka. Kamati akamkanyaga mguu. Mashimba aliona, akajifanya hakuona.

Wakati huo akafika mwanamke ambaye hawakumfahamu, amehamia mtaani karibuni, mkononi sketi iliyokatika zipu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Karibu.

Alisimama akingoja zamu yake, akasikiliza habari za vifungo na pande mbili, mwisho akashindwa kuvumilia.

— Samahani baba. Si ulete blauzi yake moja kutoka nyumbani, ile inayomkaa vizuri? Fundi ataitandaza kwenye karatasi aichore. Vipimo vyote viko humo.

Obedi alijipiga paji la uso.

— Na mimi ndiye fundi. Nenda kaka, nyumba yako si hapo tu. Lete hata iliyochakaa.

Wote wakamtazama Mashimba. Yeye alitazama kikombe. Kabati alishalifungua mara nyingi, na kila akilifungua huona hanga zimening'inia peke yake. Begi la Dorotea alilibeba yeye mwenyewe mpaka stendi. Lilikuwa zito, akadhani ni unga wa mgonjwa.

— Hakuacha, alisema.

— Hata moja? aliuliza Obedi.

— Hata ile ya kupikia, iliyochanika kwapani.

Mayala aliinamisha birika juu ya kikombe cha Kamati, yakatoka machicha matupu, akalirudisha chini. Yule mwanamke aliishika sketi yake kwa mikono miwili, anatamani asingeuliza. Obedi akaanza kuzitungua pateni, moja baada ya nyingine.

— Kitambaa nakikunja, alisema Mashimba. Nampelekea hivyo hivyo, mshono achague mwenyewe. Na niazime futi yako.

— Unajua kupima?

— Nionyeshe.

Obedi alimsimamisha, akampitishia futi begani, kifuani, kiunoni.

— Unakaa nyuma yake. Mwambie asimame wima, apumue kawaida. Usivute.

— Na asipokubali kusimama? aliuliza Injinia, na safari hii hakuna aliyemkanyaga.

Mashimba aliiviringisha futi mpaka ikaenea kiganjani, akaifumbata.

— Jumatatu nina sare za kwaya, alisema Obedi. Utanirudishia lini?

— Sijui. Nitakaa nayo kule mpaka asimame.