Biskuti za Mama Pilipili

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Pilipili, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kwa mama yetu na wa kwanza kwa maneno.

Alisoma hadi darasa la nane, akajifunza upishi chuo cha ufundi, kisha akapika katika jiko la hospitali kuanzia 1972 hadi alipostaafu mwaka 2006. Wenzake walimtania kwamba hata sufuria zilikuwa zikimjibu.

Mwaka 1975 aliolewa na dereva wa malori, mtu mpole aliyejua kusikiliza. Walijaliwa binti mmoja. Shemeji alitutoka mwaka 2011, binti akapata kazi kiwandani huko Korea, na dada akabaki peke yake. Akaanza kuoka biskuti na kuziuza dirishani, lakini wateja walichukua pakiti wakaenda zao. "Nashinda nauza, na sijaongea na mtu," aliniambia. Alikuwa mpweke, jamani, tena sana.

Siku moja binti alimtumia kopo la pilipili ya Kikorea iliyosagwa ikawa rojo, nyekundu, nzito, yenye utamu wake. Dada hakuweza kusoma maandishi yale. Akadhani ni jamu, akaikoroga na siagi na sukari, akaoka. Mteja wa kwanza, fundi viatu, alitafuna akatoa macho.

"Mama, maji! Nakufa!"

"Maji yapo ndani, mwanangu. Ingia ukae."

Fundi alikaa mpaka jioni, akala nyingine tele. Binti alipopiga simu kueleza kwamba ile si jamu, dada alimkatiza: "Nyamaza wewe, tuma lingine." Tangu hapo wateja walikuwa wakiingia, wanakunywa, wanapiga soga. Hakuweka maji dirishani hata mara moja.

Januari mwaka huu alianza kuugua moyo, daktari akamkataza kuoka. Biskuti zikaisha, na wageni nao wakaisha. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024, akiwa kitini. Nilipofika, nilikuta mezani jagi limejaa maji, na glasi mbili safi.

Ameacha binti, wajukuu wawili, na mimi mdogo wake. Binti ameoka kwa kopo la mwisho, na kila mmoja wenu atapewa biskuti hapa makaburini. Maji hatukuleta. Maji yapo nyumbani kwake, mlango uko wazi. Ingieni mkae.

Pumzika kwa amani, dada. Leo una wageni.