Jina la Pembeni: Maisha ya Mwalimu Severin Anselmi Kobelo (1949–2025)

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Severin Anselmi Kobelo aliacha maagizo mawili kuhusu maneno haya. Kwanza, yasiwe marefu, kwa sababu watu watakuwa juani. Pili, habari za wimbo wa "Taa ya Barazani" zisifupishwe wala zisilainishwe. Agizo la kwanza limetushinda kidogo. La pili tumelitii.

Mwalimu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, hapa Mtamba, Matombo, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa mzee Anselmi Kobelo, mkulima wa migomba na pilipili manga, na Bi. Luciana. Alibatizwa misheni akiwa na umri wa siku tisa. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alipomwagiwa maji hakulia, ila aligeuza shingo kutafuta kwaya iko upande gani.

Alianza shule ya msingi misheni mwaka 1957. Huko alifundishwa solfa, na alipofika darasa la nne aliweza kuandika kwa do, re, mi wimbo wowote aliousikia mara mbili. Nota za mistari mitano alijifundisha mwenyewe chuo cha ualimu, kwa kitabu kilichokuwa kimepoteza jalada. Alihitimu Novemba 1970, akaanza kazi Januari 1971 katika shule za Matombo. Mwaka 1979 alihamishiwa Morogoro mjini, na mwaka 2009 alistaafu akiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Kihonda. Wanafunzi wake wanakumbuka kwamba hakuwa mtu wa fimbo. Aliyechelewa aliimbishwa besi peke yake mbele ya darasa, awe mvulana au msichana, na wachelewaji wakapungua.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Angelina Mbena, ambaye baadaye alifundisha sayansikimu Kilakala. Barua yake ya kwanza kwa Bi. Angelina aliiandika yote kwa solfa. Bi. Angelina aliigeuza juu chini, chini juu, kisha akamrudishia kwa mkono wa kaka yake na ujumbe mmoja: aandike kama watu. Aliandika kama watu, na waliishi pamoja miaka arobaini na minane.

Sasa tufike kwenye wimbo.

Kwaresima ya mwaka 1983, Mwalimu aliombwa kuja kupanga kabati la nyimbo la misheni hii. Chini kabisa, ndani ya gazeti kuukuu, alikuta karatasi za nota zilizochapwa Uingereza. Jalada lilikuwa limekwenda, kichwa cha ukurasa wa kwanza kimeliwa na mchwa, na ukurasa wa mwisho haukuwepo. Hapakuwa na jina la wimbo wala la mtunzi. Alisimama palepale akaiimba sauti ya kwanza kimoyomoyo, kisha ya pili, kisha ya tatu. Alipofika kwenye besi akakaa sakafuni.

Aliugeuza wimbo ule kuwa solfa kwa majuma matatu. Maneno ya Kiswahili aliyatunga yeye: "Taa ya barazani haijazimwa, ingia, ulikuwa unangojwa." Kwa kuwa mwisho ulikosekana, aliongeza Amina ya kwake, ya sauti ya juu, ya kuwasimamisha watu. Halafu pembeni kulia, pale ambapo kwaya zetu huandika jina la mtunzi, akaandika S. A. Kobelo. Hakukusudia ubaya. Stensili za kuchapia nyimbo za kwaya tatu zilikuwa zikichanganyika, na alitaka ya kwake irudi.

Karatasi haikurudi. Ilinakiliwa Kihonda, ikanakiliwa Mzinga, ikapanda milima ikashuka upande wa pili, na jina lile la pembeni likaenda nayo. Watu wakaanza kuzikana kwa wimbo wa Kobelo. Mwanzoni alikuwa akisema, "Si wangu," nao wakamsifu kwa unyenyekevu. Baada ya miaka kadhaa aliacha kusema. Mwaka 1991, kwenye jubilei, aliitwa mbele akapewa ngao yenye maandishi "Mtunzi Bora". Aliipokea kwa mikono miwili. Ngao hiyo ilitundikwa sebuleni juu ya redio, na kila mgeni aliyeingia aliisoma kabla hajakaribishwa kiti.

Juma lile lile alikwenda Kihonda kwa rafiki yake Abdulatif, fundi cherehani aliyeshona majoho ya kwaya, kupunguziwa koti. Akiwa amesimama huku anapimwa mabega, akamwambia ukweli wote. Bwana Abdulatif ni Mzigua, na Mzigua na Mluguru, kama alivyokuwa Mwalimu, ni watani. Alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Tangu siku ile hakumwita tena kwa jina. Sokoni, msibani, hata mlangoni mwa kanisa, alimsalimu, "Mwizi, habari za wizi?" Watu walicheka, maana mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Kwa miaka thelathini na minne ukweli ulitangazwa hadharani mchana kweupe, na hakuna aliyeusadiki. Ila Mwalimu, kila aliposikia salamu ile, alicheka akiwa wa mwisho.

Oktoba 2024 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa juma katika hospitali moja mjini. Januari 2025 alitembelewa na kamati iliyokuwa ikikusanya nyimbo za kwaya kwa ajili ya kitabu. Mwenyekiti wake, Bwana Emmanuel Luanda, ambaye ndiye anayeongoza kwaya leo, alimpa fomu. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa kutia saini, chini ya maneno "Mimi ndiye mtunzi halisi wa wimbo huu." Kitabu kingekwenda kiwandani tarehe 30 Juni. Mwalimu aliomba apewe muda, akaiweka fomu ndani ya Biblia.

Alimwita mjukuu wake Witness, aliyesomea ukutubi chuo kikuu, akamwonyesha karatasi za mchwa. Hakutaka kusema tu kwamba wimbo si wake. "Nikisema si wangu na sisemi ni wa nani," alimwambia, "nitakuwa nimemwacha mtoto mlangoni kwa watu." Chini ya kila ukurasa kulikuwa na namba ndogo ya mchapaji. Witness alizipiga picha, akaandikia maktaba sita za Uingereza. Februari ikapita. Maktaba tatu zilijibu kwamba hazina habari, mbili hazikujibu. Aprili Mwalimu alianza kuvimba miguu, na daktari akaiambia familia isimwache peke yake. Kila alipotoka hospitalini, kabla hata ya kuomba maji, aliuliza kama barua imekuja.

Ilikuja Jumatano, tarehe 11 Juni, kutoka maktaba ya mji mdogo mashariki mwa Uingereza. Mtunzi aliitwa Ambrose Tillard. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la mji huo maisha yake yote, akafa mwaka 1931 bila mtoto. Aliacha tungo hamsini na mbili katika sanduku moja, na mkutubi aliyejibu alisema kwamba kwa miaka kumi na tisa aliyofanya kazi hapo hakuna aliyewahi kuliomba. Alituma nakala za tungo tisa, pamoja na ule ukurasa uliokosekana.

Siku zile zilikuwa za ajabu nyumbani. Mwalimu alikwenda na nakala zake kwenye mashine ya kusafishia damu, akazilaza juu ya tumbo, akasoma saa nne mfululizo midomo ikimcheza. Muuguzi alimuuliza, "Babu, unasali?" Akajibu, "Hapana, mama. Nasoma barua za mtu niliyemkosea." Palikuwa na wimbo wa watoto wa shule, zaburi mbili, na kipande cha kinanda ambacho Tillard alikiandika juma alilomzika mkewe, kifupi kiasi cha kuenea ukurasa mmoja. Mwalimu alisema mtu huyu hana haraka, na hapigi kelele hata anapolia. Alipoufikia ukurasa wa mwisho wa wimbo ule wa kabatini aliufunika kwa kiganja. Hapakuwa na Amina. Sauti ya kwanza inanyamaza, kisha ya pili, kisha ya tatu, na besi inabaki na nota moja mpaka inakwisha.

Bi. Angelina hakukubali ukweli huo utangazwe kanisani. Kwa siku tatu hawakusemezana ila kuhusu dawa. Siku ya nne alimwambia, "Utatuaibisha uzeeni, Severin. Ngao hiyo wanao wamekua wakiitazama."

Mwalimu akajibu, "Acha niaibike mimi ningali hai. Nikifa nayo, aibu mtairithi ninyi."

Jumapili, tarehe 22 Juni, baada ya Misa, aliletwa mbele ya kwaya kwa kiti cha magurudumu, ngao imo mapajani. Alisema yote, pamoja na siku ya kupokea ngao. Wengine walitazama chini, na dada mmoja wa sauti ya kwanza alitoka nje. Bwana Emmanuel ndiye aliyesema, kwa upole, lakini alisema: "Mwalimu, Mzungu huyo alikufa zamani, hana hata wa kumlilia. Tuachie wimbo wetu."

"Ndiyo maana nasema, Emmanuel," Mwalimu alijibu. "Hana wa kumsemea."

Alimkabidhi fomu, mstari wa saini ukiwa mtupu, pamoja na karatasi mpya ya solfa aliyoiandika kwa mkono wake, yenye mwisho wa kweli. Bwana Emmanuel alizipokea, akazikunja, akaondoka. Tarehe 30 Juni ikapita. Mwalimu hakuambiwa kitabu kimekwenda na jina gani, na hakuuliza. Alisema yake ameyamaliza. Lakini waliomuuguza wanajua kwamba kila mlango ulipogongwa alinyanyua kichwa.

Alifariki Jumamosi, tarehe 2 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Kwa kuwa Mluguru ni wa kwa mama, amerudishwa hapa, kwenye ardhi ya ukoo wa Bi. Luciana.

Jana asubuhi, jembe la kwanza lilipotaka kuingia ardhini, Bwana Abdulatif alilala chali mahali pa kaburi. Alipewa kitu kidogo ili ainuke, kama ilivyo desturi ya watani, akakisukuma mbali. Alisema mwizi wa nyimbo hazikwi Matombo mpaka wenye kwaya wamwambie, mbele ya watu wote, wimbo ule ni wa nani. Waombolezaji walianza kucheka, kisha wakaona kwamba machozi yanamtiririka hadi masikioni, wakaacha. Bwana Emmanuel alikuwa amesimama na wachimbaji. Halafu akavua kofia, akasema, "Ni wa Ambrose Tillard. Na kitabuni nimeandika hivyo. Nilikuwa na hasira, sikwenda kumwambia."

Bwana Abdulatif akainuka, akajikung'uta vumbi, akalishika jembe yeye mwenyewe.

Mwalimu Severin ameacha mjane, Bi. Angelina, watoto watatu, Anselmi, Pendo na Luciana, wajukuu saba, dada zake wawili, ukoo wote wa kwa mama, na mtani mmoja.

Kwaya sasa itaimba "Taa ya Barazani", muziki wa Ambrose Tillard, maneno ya S. A. Kobelo, hadi ukurasa wa mwisho. Wengi wetu tumezoea kusimama kwenye Amina. Leo haitakuja. Tunawaomba mtulie mpaka besi ikwishe.

Lala salama, Mwalimu. Taa haijazimwa, ingia, ulikuwa unangojwa.