Kaburi Katikati ya Shamba la Sola

Kwenye foleni ya kupanda gari la kwenda Moiben, ajenti mmoja alimweleza mama aliyesimama mbele yangu kwamba anatafutia kampuni ya umeme wa sola mashamba ya kukodi. Mama akamuuliza, "Ni wewe uliongea na shemeji yangu Kiprop?"

"Ndiyo, Mama. Alishatia sahihi mkataba wa kukodisha shamba."

"Mzee wangu, ndugu yake, alizikwa katikati ya hiyo shamba."

"Pole sana. Kaburi hatutagusa, tutaiwekea fensi." Alisema kwa upole, na nadhani alimaanisha.

"Na nikitaka kung'oa magugu?"

"Utaomba mlinzi, atakufungulia geti."

"Nimeishi na yeye tangu usichana bila kubisha hodi."

Gari lilipofika, ajenti alimpisha aingie kwanza. Mama hakusogea, na sisi wa nyuma hatukumharakisha.