Mama Uzi na Ngazi ya Kijani

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Uzi, alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Juni 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mtunza stoo na mkewe. Baada yake walizaliwa wavulana wawili, ambao wote wametangulia, na mwaka 1963 akaja kitindamimba wa kike, ndiye huyu mdogo wake anayewasomea. Marehemu alipenda kuwaambia wageni kuwa miaka mitano ya mwanzo ya maisha yake ilikuwa ya raha mustarehe. Mdogo wake ameombwa na familia asijitetee leo, naye amekubali kwa shingo upande.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1966 hadi 1972. Akiwa darasa la tano alirudishwa nyumbani kwa kosa la kufungua skrubu za meza ya mwalimu. Baba yao alipokwenda kuomba radhi alikuta meza iliyoyumba miaka yote imetulia tuli. Alifaulu kwenda sekondari, lakini nyumbani kulikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja tu, akapelekwa kaka aliyemfuata. Jambo hilo lilimuuma hadi uzeeni na hakulificha. Hata hivyo, sare ya kwanza ya kaka huyo aliishona yeye, kwa mkono, na haikufumuka miaka minne.

Januari 1974 alianza kujifunza ushonaji kwa mama mmoja aliyekuwa na chumba kando ya soko, na mwaka 1977 akapata cherehani yake mwenyewe ya kukanyaga. Alishona sare, mapazia na magauni kwa zaidi ya miaka thelathini. Jina la Mama Uzi alilipata kwa sababu uzi ulipokatika alizungumza nao, na mengi aliyouambia hayafai kusomwa mbele ya hadhara hii. Mdogo wake alifanya naye kazi tangu 1984, yeye akikata vitambaa na dada yake akishona.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Agosti 1979 na tarishi wa posta. Tarishi huyo alimletea barua isiyo yake mara tatu katika wiki moja. Mara ya tatu marehemu alimwuliza kama hajui kusoma au ana la kusema. Shemeji alijibu kuwa kusoma anajua. Walijaliwa watoto watatu na kuishi pamoja miaka arobaini na minne na ushei, katika nyumba hiihii ambayo mko uani kwake.

Kufikia 2011 nguo za dukani zilikuwa zimewapora wateja wengi, na cherehani ilishinda imefunikwa. Siku moja, katika duka la vifaa vya ujenzi, marehemu alimwona muuzaji akifungua ubavu wa mashine ndogo ya umeme ya kuchomelea chuma, ile inayojilisha waya. Ndani mlikuwa na roli la waya, vigurudumu viwili vya kuuvuta, na skrubu ya kukaza na kulegeza. Marehemu alicheka hadi muuzaji akaona haya. "Baba, hii ni cherehani," alimwambia. "Tofauti yake inashona mabati." Wiki iliyofuata mashine ilikuwa nyumbani, na mwenye nyumba, yaani shemeji, alilala macho wazi.

Alimtuliza kwa vitendo. Mashine hakuiweka kwenye chumba cha kushonea, penye vipande vya nguo vya kushika moto kwa cheche moja. Aliijengea kibanda uani, upepo upite na moshi utoke, na ndoo ya mchanga ikakaa mlangoni. Waya wa kuongezea umeme alinunua mnene na kila siku aliukunjua wote, kwa kuwa ukiachwa umeviringwa hupata joto hadi ukaungua. Nguo za kazini alizishona mwenyewe, za pamba nzito, mikono mirefu, bila mfuko wa kifuani wa kudaka cheche. Vitambaa vya nailoni alivipiga marufuku kibandani, maana alijua vizuri kuliko fundi yeyote kuwa haviungui tu, vinayeyuka na kuganda mwilini. Alivaa glavu za ngozi na kinyago chenye kioo cheusi. Kabla ya kubonyeza aliita, "Macho!" na hakubonyeza mpaka kila aliyekuwa uani ageuke na kuitikia. Wako watu hapa ambao hadi leo wakisikia neno hilo hugeukia ukutani.

Mkazo wa waya ulimchukua nusu saa tu kuupata. Ukilegea, waya unateleza; ukikazwa mno, unapondeka na kujisokota ndani kama uzi chini ya cherehani. Hilo alilijua tangu usichana. Mwendo wa waya aliusikiliza kwa sikio, akisema mashine ikiridhika hutoa sauti ya mafuta yanayokaanga. Lakini sauti hiyo hakuipata. Kwa miezi mitatu mashine ilipasuka-pasuka na kutema cheche pande zote, naye akadhani ndivyo ilivyo. Alitengeneza vitu saba na vyote vikachukuliwa.

Februari 2012 kitu cha kwanza kilijieleza. Lilikuwa benchi la mapokezi ya zahanati, na aliyelikalia alikuwa mdogo wake, aliyekwenda kupimwa malaria. Benchi lilifunguka miguu yote minne kwa pamoja. Familia inaomba ieleweke kuwa mdogo wake alikuwa mwembamba miaka ile. Marehemu aliletewa mabaki, akayageuza-geuza. Chuma alichoyeyusha kilikuwa kimekaa juujuu, hakikuingia.

Alimwita mchomeleaji mstaafu wa karakana ya reli. Mzee huyo alifungua kifuniko, akatazama kidogo, akamwambia nyaya zimekaa kinyume. Waya aliotumia marehemu ulikuwa ule wenye unga ndani, usiohitaji gesi, na huo hutaka tochi, yaani mpini unaotoa waya, iwe upande wa hasi, na kibano cha athi, kile kinachobanwa kwenye chuma, kiwe upande wa chanya. Mashine ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kwa waya wa gesi. Akauliza kama hawakupewa karatasi yenye mchoro. Marehemu alisema hakuiona kwenye boksi. Wakachomoa umeme, wakabadilisha nyaya, na alipobonyeza tena, mafuta yalikaanga.

Mtu mwingine angeshukuru na kuendelea na safari. Marehemu alikula kiapo kuwa vile vitu vingine sita havitalala kwa watu. Shemeji, aliyejua kila mlango kwa miaka yake ya barua, alipanda baiskeli na kuvifuata kimoja kimoja: stendi ya pipa la maji, geti dogo, rafu mbili, kiti cha kinyozi. Vilirudi, vikasagwa maungio na kuchomelewa upya, na marehemu alivipiga nyundo mbele ya wenyewe. Tangu hapo akaweka sheria yake: aliyechomelea ndiye akalie kwanza, apande kwanza, abembee kwanza.

Cha saba hakikupatikana. Ilikuwa ngazi ya kijani yenye vipandio kumi na kimoja, aliyouziwa mpita njia aliyekuwa na haraka. Kwa miaka kumi na miwili marehemu hakupita penye nyumba inayojengwa bila kusimama na kuangalia juu. Harusini alitazama ngazi za wapambaji kabla ya bibi harusi. Tulimtania sana, naye alitujibu kuwa mtu akianguka huko aliko, mkono ulioshika tochi ni wake.

Februari 2023 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Wapo walionong'ona kuwa ni moshi. Daktari alisema ni moyo, uliochoshwa na shinikizo la damu la muda mrefu. Alipunguza kazi, akawa anakaa kwenye kiti uani na kumwelekeza mdogo wake, ambaye alikuwa ameanza kuchomelea taratibu. Mei mwaka huu alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani.

Huko ndiko mdogo wake alikopiga moyo konde akasema jambo alilolibeba kwa miaka hiyo yote. Karatasi ya mchoro ilikuwemo kwenye boksi. Ilikuwa nzuri, ngumu, na siku mashine ilipofika mdogo wake alikuwa anatafuta karatasi ya kukatia kielelezo cha kola. Aliikata bila kuisoma. Alikuja kuitambua wiki ya benchi, kwenye kasha la vielelezo, mishale ya chanya na hasi ikiwa shingoni, akaogopa, akafunga kasha. Tangu siku hiyo naye kila ngazi aliyoiona aliitazama rangi kwanza.

Marehemu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nilijua."

Mdogo wake alimwuliza alijua tangu lini.

"Mwaka uleule. Kielelezo cha kola ile nimekishika mara ngapi? Ile mishale naijua kama sura yako." Alipumzika kidogo, pumzi ilikuwa inamsumbua. "Ungeniambia, mdogo wangu, nisingekuuma. Karatasi uliikata wewe, lakini mimi nilibonyeza bila kuuliza. Kwa hiyo tuna ngazi moja, mimi na wewe. Nikiondoka, itangazeni. Watu wakiwa msibani husikiliza."

Mdogo wake alilia sana siku ile, na hasemi uongo akisema alilia kwa nafuu. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono, siku tano kabla ya kutimiza miaka sitini na sita.

Ameacha mume, watoto watatu, yaani dereva wa basi, muuguzi na mwalimu, wakwe wawili, wajukuu watano, wote wanajua kugeuka wakisikia "Macho", mdogo wake, cherehani moja, na mashine moja ya kuchomelea iliyo katika hali nzuri, nyaya zake zikiwa mahali pake.

Tangazo, kama alivyoagiza: yeyote mwenye ngazi ya chuma ya kijani, vipandio kumi na kimoja, iliyonunuliwa hapa kati ya Novemba 2011 na Februari 2012, tafadhali asiipande. Ailete, itatengenezwa bure.

Hapo ndipo karatasi mlizo nazo mikononi zinapoishia. Haya yanayofuata mdogo wake ameyaandika kwa kalamu asubuhi ya leo, mtamwia radhi akikwama kwenye mwandiko wake.

Tangazo hilo watoto walilituma pia kwenye simu Jumatano, pamoja na taarifa ya msiba. Alhamisi mchana mpaka rangi mmoja, ambaye amekaa pale nyuma na hapendi kutazamwa, alifika na ngazi begani. Ni ya kijani. Tulihesabu vipandio mara mbili. Alitueleza kuwa siku aliyoinunua aliitikisa, akaona haiaminiki, lakini alikuwa ameshasafiri mbali na aliona aibu kurudi kumsuta mama wa watu. Kwa hiyo aliilaza juu ya matofali, na kwa miaka kumi na miwili imekuwa rafu ya makopo yake ya rangi. Hakuna mtu aliyewahi kuipanda. Hakuna aliyeanguka. Dada, umesikia? Hakuna aliyeanguka.

Jana mdogo wake alisaga maungio yote hadi chuma kikang'aa, akaondoa rangi pale pa kubana athi, akatazama nyaya, akatazama tena. Akajaribu kwanza kwenye kipande kibovu na kukipiga nyundo. Kisha akaita, "Macho!" na wafiwa wote uani, shemeji akiwa wa kwanza, wakageukia ukutani na kuitikia. Mafuta yalikaanga maungio yote ishirini na mawili.

Turubai lililo juu ya vichwa vyenu limefungwa leo kwa ngazi hiyo. Aliyeichomelea ndiye aliyeipanda kwanza, hadi kipandio cha juu kabisa, akiwa na miaka sitini na magoti yasiyomtii, na ikatulia tuli. Ya saba imerudi, dada. Lala sasa, usiangalie juu tena.